Kusomea Udaktari na Uuguzi Mtandaoni Hapa Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi. Niliingia ualimu baada ya miaka kadhaa katika wadi ya watoto, na sasa, pamoja na kufundisha, ninasimamia mfumo wa masomo ya mtandaoni wa chuo kimoja cha afya hapa Nairobi. Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi wa udaktari na uuguzi, walimu wenzangu na wazazi wanaolipa karo. Mengine niliulizwa kwenye ngazi za chuo, mengine kwa simu saa tano usiku. Nimejibu kwa urefu pale nilipoona watu wakiumia.

Mfumo wa kujifunzia mtandaoni ni kitu gani? Si tuna kikundi cha WhatsApp tayari?

Kikundi cha WhatsApp ni kibaraza: habari hupita, na kesho imefunikwa na nyingine mia moja. Mfumo wa kujifunzia ni darasa lenye rafu. Kila somo lina mahali pake, kila mwanafunzi ana jina lake, majaribio yanasahihishwa na alama zinahifadhiwa, na mwalimu anaona nani amefungua somo la wiki ya tatu na nani hajaligusa. Vyuo vingi vya hapa vinatumia Moodle, programu iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Haina malipo ya leseni, na chuo kinaweza kuiweka kwenye seva yake chenyewe, yaani kompyuta inayowahudumia wote.

WhatsApp tunaitumia kwa tangazo moja tu: "Somo jipya liko ndani, lifungueni." Vikundi vilivyogeuzwa kuwa darasa nimeviona vikizama ndani ya mwezi mmoja.

Je, mambo haya yaliletwa na korona?

Hapana, ingawa korona ndiyo iliyomlazimisha kila mtu. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla ya wiki mbili kwisha vyuo vilikuwa vimefungwa. Walimu ambao hawakuwahi kupakia hata faili moja walijikuta wakihadhiri mbele ya skrini yenye miraba myeusi.

Lakini wauguzi wa nchi hii walitangulia zamani. Mwaka 2005 Amref, shirika la afya, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wengine, walianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada kwa masomo ya kielektroniki. Waliolengwa walikuwa zaidi ya 20,000. Vyuo vilivyokuwepo visingeweza kuwapokea wote, na hata kama vingeweza, nani angebaki zahanati? Kwa hiyo vituo vya kompyuta vikawekwa katika sehemu mbalimbali za nchi, na muuguzi akasoma bila kuacha kazi. Wakati huo nyaya za chini ya bahari zilikuwa hazijafika Mombasa. Waya wa SEACOM ulifika mwaka 2009. Nikisikia mtu akisema masomo ya mtandaoni ni ya watu wenye intaneti ya kasi, huwa nawakumbuka wauguzi hao.

Vyuo vikuu navyo vilikuwa na KENET, mtandao wa elimu wa Kenya ulioanzishwa mwaka 1999. Kuanzia 2010 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na mradi wa PRIME-K, chini ya mpango wa Marekani wa kuimarisha mafunzo ya udaktari barani Afrika. Msingi ulikuwepo, korona ilikuta nyumba ambayo haijaezekwa.

Mwanangu anaweza kuwa daktari kwa kusoma mtandaoni pekee?

Hapana, mzazi wangu. Na mtu akikuuzia ahadi hiyo, shika pesa zako.

Mwaka 1990 Mmarekani George Miller alichora piramidi ya ngazi nne ambayo walimu wa afya tunaitumia mpaka leo. Chini kabisa mtu anajua. Juu yake anajua namna ya kufanya. Ngazi ya tatu anaonyesha akifanya. Kileleni anafanya kweli, kazini, mgonjwa akiwa mbele yake. Mfumo wa mtandaoni una nguvu nyingi kwenye ngazi mbili za chini, unasaidia kidogo kwenye ya tatu, na kileleni kazi yake ni kuweka kumbukumbu tu.

Nitoe mfano ninaoufundisha kila muhula. Mtoto wa miezi minane ameletwa na kikohozi. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani inajulikana: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua kwa kasi, wa miezi 12 hadi 59, ni 40 au zaidi. Mwanafunzi anaikariri kwa dakika tano. Kisha unamkuta wadini anahesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, huku mtoto analia na kurusha miguu. Kosa la pumzi tatu limeshakuwa kosa la kumi na mbili, na uamuzi wa nimonia umeenda upande usio wake.

Basi nikaweka kwenye mfumo video ya kifua cha mtoto, dakika nzima. Uso hauonekani, na mama yake aliridhia kwa maandishi. Mwanafunzi anahesabu, anaandika nambari, mfumo unamwambia amekaribia au amepotea. Mara ya kwanza wengi hukosea. Wanarudia, mara tatu, mara tano, kitandani, kwenye matatu, bila kumsumbua mtoto yeyote mgonjwa. Baada ya hapo nawawekea video ya pili, mtoto ambaye kifua chake kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, nami nawauliza swali moja tu: umeona nini kabla ya kuanza kuhesabu?

Wakifika wadini Jumatatu, wanajua dakika moja ni ndefu na wanajua pa kutazama. Bado hawajui namna ya kumtuliza mama aliyetoka Kayole alfajiri na kupanda matatu mbili akiwa na mtoto mgongoni. Hawajui kwamba mtoto anayelia hahesabiwi, anasubiriwa. Hayo wanayapata kwa muuguzi mkongwe anayewashika mkono na kusema, "Keti hapa, mwache anyonye kwanza." Ninachotaka kutoka kwenye mfumo ni kwamba mwanafunzi asifike mbele ya mama yule akiwa bado anatafuta nambari kichwani.

Je, kuna ushahidi kwamba wanafunzi wanajifunza kweli?

Upo, na umekuwepo muda mrefu. Mwaka 2008 David Cook na wenzake walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani uchambuzi wa tafiti 201 kuhusu masomo ya intaneti kwa wahudumu wa afya. Waliosoma mtandaoni walifanya vizuri zaidi sana kuliko ambao hawakufundishwa chochote. Walipolinganishwa na waliofundishwa kwa njia nyingine, tofauti ilikuwa ndogo.

Matokeo hayo nayapokea kama yalivyo. Skrini haina uchawi wa kumshinda mwalimu mzuri, wala haina sumu. Somo bovu darasani ni bovu mtandaoni. Tunachopata zaidi ni kwamba mwanafunzi anaweza kulirudia somo zuri saa anayotaka yeye, na kwa mtu mwenye zamu ya usiku hilo ni jambo kubwa.

Sina kipakatalishi. Simu inatosha?

Kwa masomo ya kila siku, inatosha. Mfumo wowote usiofunguka vizuri kwenye simu ya kawaida ya Android haujakamilika, na kosa ni letu sisi tunaousimamia. Kila ninachopakia nakijaribu kwanza kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka ninayoiweka drooni kwa kazi hiyo. Kwa kuandika ripoti ndefu, kutazama slaidi za tishu au kusoma picha ya eksirei, tafuta kompyuta ya maktaba. Ufa mwembamba kwenye mfupa hauonekani vizuri kwenye skrini ya inchi tano, na ni afadhali ukubali hilo mapema.

Bando zinaniishia kabla ya wiki kwisha. Nifanye nini?

Swali hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi anayenunua bando badala ya chakula hawezi kusoma vizuri hata tukimpa maudhui ya dhahabu.

Kwanza, upande wako. Weka programu ya simu ya Moodle. Inakuruhusu kupakua somo zima ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo na kulisoma nyumbani bila mtandao. Pakua Ijumaa kabla hujapanda gari la Githurai au Rongai. Kwenye kipindi cha moja kwa moja zima video yako, na ukiweza sikiliza sauti peke yake: sauti hula makumi ya megabaiti kwa saa, video hula mamia. Kama chuo chako kimeunganishwa na eduroam, Wi-Fi inayoshirikiwa na vyuo, weka neno la siri mara moja tu na simu yako itaingia yenyewe ukiwa kwenye chuo kingine kilichojiunga. Kuna pia WikiMed, makala za tiba za Wikipedia katika programu ya Kiwix. Ukishaipakua, inafanya kazi hata ukiwa mahali pasipo na mnara wowote. Ni ya kuanzia kusoma, isiwe ya kuamulia dawa.

Pili, upande wetu walimu, na hapa nasema kwa mkazo. Tumezoea kupakia faili la slaidi lenye megabaiti 40 kwa sababu picha ya nembo imerudiwa kila ukurasa. Likibanwa na kugeuzwa PDF, linakuwa megabaiti mbili. Megabaiti 38 zile ukizizidisha kwa wanafunzi 120, utaona ni pesa za nani tunazochezea. Mhadhara wa dakika 50 uliorekodiwa kwa ubora wa juu hauna faida kwa mtu anayetazama kwenye simu. Toa pia sauti peke yake, na maandishi ya kurasa mbili. Mwanafunzi achague.

Stima ikipotea katikati ya jaribio, alama zangu zinapotea?

Majibu yako hayapotei. Moodle huhifadhi majibu kila baada ya muda mfupi, kwa kawaida dakika moja, kwa hiyo utakaporudi utayakuta. Tatizo ni saa: inahesabiwa kwenye seva, nayo haijui kwamba mtaani kwenu kuna giza. Piga picha ya skrini kama simu bado ina chaji, andika saa, na umjulishe mwalimu siku hiyohiyo. Mwalimu anaweza kukufungulia muda wa ziada wewe peke yako bila kuvuruga wengine.

Nililijua hili kwa njia chungu. Jaribio la kwanza kubwa nililoliweka lilikuwa la saa moja, usiku, na muda ukiisha linajifunga. Stima zilipotea mtaa mzima upande wa mashariki. Wanafunzi kumi na saba walifungiwa nje, na kanuni za chuo tulizokuwa nazo wakati huo hazikuwa na neno lolote kuhusu giza. Wiki mbili zilipita katika vikao, na binti mmoja aliacha kunisalimia. Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo, jaribio lolote la nyumbani ninalitoa kwa saa 48, mwanafunzi aingie anapoweza, na alama zake ni chache. Mtihani unaoamua mtu kupanda mwaka unafanyiwa chuoni, penye jenereta.

Mimi ni mhadhiri. Nirekodi mihadhara yangu ya saa mbili na kuipakia, basi?

Daktari, naomba usifanye hivyo. Tazama kumbukumbu za mfumo wako mwenyewe: wengi hufungua, hutazama dakika chache za mwanzo, hurukia mwishoni. Kata mhadhara vipande vya dakika saba hadi kumi, kila kimoja kibebe wazo moja. Kati ya vipande weka swali. Saa mbili za darasani ulizookoa zitumie kwa kisa: mgonjwa mmoja, vipimo vikitolewa kimoja kimoja, wanafunzi wakibishana mbele yako. Watakuja wamejiandaa ukiwauliza, na hawatajiandaa ukiwasomea tena yaliyo kwenye video. Kuna mwenzangu, daktari wa upasuaji, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa mambo haya. Sasa huniletea vipande vya dakika nne, sauti tu na mchoro wa mkono, kuhusu namna ya kulitazama tumbo kabla ya kuligusa. Wanafunzi wanavisikiliza kuliko chochote nilichotengeneza mimi.

Maswali ya majaribio yaandikweje ili yasiwe ya kukariri?

Anza na mgonjwa. Swali la "taja dalili tano za nimonia" linapima kumbukumbu. Swali hili linapima zaidi: "Mtoto wa miezi 14 ana kikohozi cha siku tatu. Anapumua mara 46 kwa dakika, kifua hakibonyei, ananyonya vizuri. Utafanya nini sasa?" Mwanafunzi inabidi akumbuke kwamba kwa umri huo mpaka ni 40, aone kwamba hakuna dalili ya hatari, kisha aamue.

Kisha andika mrejesho kwa kila jibu, hasa yaliyo makosa. Mwanafunzi aliyechagua kumlaza mtoto wodini aambiwe kwa nini si lazima. Aliyechagua kumrudisha nyumbani bila dawa aambiwe ameacha nini. Kuandika swali moja la namna hii hunichukua karibu nusu saa. Walimu hulalamika, nami nawaelewa, lakini swali hilo nitalitumia miaka mitano.

Nasoma sana lakini baada ya mwezi sikumbuki kitu. Nina tatizo?

Huna. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyopangwa kwa nafasi huzuia hilo. Kosa la wengi ni kusoma ukurasa uleule mara nne kwa rangi nne za kalamu. Funga daftari, jiulize, jibu, ndipo ufungue. Rudia kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Programu ya Anki inakupangia siku hizo yenyewe, na kwenye Android ni bure. Andika kadi zako mwenyewe. Kadi elfu ishirini za mwanafunzi wa Marekani zitakuuliza magonjwa ambayo huenda usiyaone maisha yako yote na kukusahaulisha malaria.

Naweza kumpiga picha mgonjwa na kuiweka kwenye mfumo ili wenzangu wajifunze?

Kwa simu yako, ukiwa wadini, kwa uamuzi wako: hapana. Hata kama umeficha macho. Hata kama nia yako ni njema, na najua ni njema.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Inataka ridhaa ya wazi inayoweza kuondolewa, na kwa mtoto ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Lakini hata kabla ya sheria, mtazame mgonjwa mwenyewe. Amelala, ana maumivu, wewe umevaa koti jeupe. Ukimwomba ruhusa atakubali kwa sababu anaogopa ukikasirika hatatibiwa. Ridhaa ya namna hiyo haina uzito.

Na picha huzungumza zaidi ya unavyodhani. Simu nyingi huandika ndani ya faili tarehe na mahali ilipopigwa. Nyuma ya mguu wenye kidonda kuna faili lenye jina, kuna shuka lenye mhuri wa hospitali, kuna chale ambayo dada yake anaijua. Nairobi ni kubwa lakini watu wake wanajuana: mgonjwa wako ni shangazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mwanafunzi huyo yumo kwenye kikundi. Niliwahi kuona picha ya mama aliyejifungua ikizunguka simu hadi simu kwa siku nne kabla hatujaweza kuisimamisha, na hata hapo hatukujua imebaki kwa nani. Mama yule hakuwahi kuambiwa.

Njia iliyo sawa ni ndefu, na iwe ndefu. Mwalimu ndiye anayeomba, na asiwe daktari anayemtibu mgonjwa huyo. Fomu iwe kwa lugha ya mgonjwa, na apewe siku ya kufikiri. Picha ipigwe kwa kamera ya chuo, ikatwe, isafishwe, ihifadhiwe ndani ya mfumo mahali inapotazamwa bila kupakuliwa, na iandikwe tarehe itakayofutwa. Mgonjwa akibadili mawazo mwakani, itolewe bila maswali. Kama hayo yote ni mzigo, chora. Kwa mambo mengi ya mwaka wa kwanza na wa pili mchoro mzuri unafundisha vizuri kuliko picha.

Masomo yote ni kwa Kiingereza, lakini wagonjwa wananizungumzia Kiswahili. Mfumo unaweza kusaidia?

Unaweza, na nashangaa kwamba vyuo vingi havijaanza. Mwanafunzi anaweza kupita mitihani yote akitokea madarasa ya Chiromo mpaka wadi za Hospitali ya Kenyatta, kisha akakwama kwenye sentensi ya kwanza ya bibi kutoka Kibra.

Mgonjwa wa Nairobi akisema ana homa, mara nyingi anakuambia habari za mafua; joto la mwili atasema mwili unachemka. Akisema amefura miguu, imevimba. Akisema anaendesha, anahara. Kichomi kwa mmoja ni nimonia, kwa mwingine ni maumivu makali ya ubavuni. Presha inaweza kuwa shinikizo la damu lililopimwa, inaweza kuwa mapigo ya moyo, inaweza kuwa wasiwasi wa kodi ya nyumba. Usipouliza swali la pili, umeandika ugonjwa wa mtu mwingine.

Kwa hiyo tulirekodi sauti kwa simu ya kawaida. Waigizaji walikuwa wapishi, walinzi na makarani wa chuo, watu wanaozungumza Kiswahili cha mtaani bila kujipamba. Kila kipande ni kama sekunde arobaini: "Daktari, hii roho yangu inaenda mbio nikipanda ngazi, halafu usiku siwezi lala bila mito mitatu." Mwanafunzi anaandika maswali matatu ambayo angemuuliza, kwa Kiswahili, na kwa heshima inayofaa umri wa mgonjwa. Kijana wa miaka ishirini na miwili anayemwambia mzee "unasikia wapi uchungu?" bila hata shikamoo au "mzee, habari ya asubuhi" anapoteza alama kwangu. Mzee akihisi amedharauliwa hatakuambia kwamba ameacha kumeza dawa. Gharama ya zoezi zima ilikuwa chai na mandazi ya waigizaji.

Mtandaoni wataiba mtihani, au sivyo?

Baadhi watajaribu, kama wanavyojaribu ukumbini. Weka hazina kubwa ya maswali, kila mmoja apate yake kwa mpangilio wake; kwenye maabara ya kompyuta tumia Safe Exam Browser, inayofunga madirisha mengine yote. Kamera za kuwachungulia wanafunzi vyumbani mwao sizipendi. Binti anayeishi chumba kimoja na wadogo zake watatu hastahili kuonyeshwa kwa mtu asiyemjua.

Ustadi wa mikono upimwe kwa vituo, kama alivyobuni Ronald Harden huko Dundee mwaka 1975: mwanafunzi anazunguka, kila kituo ana dakika chache na kazi moja, mtahini anatazama. Hapo hakuna cha kunakili.

Nitumie akili bandia kusomea?

Kukuuliza maswali na kukueleza upya jambo gumu, sawa. Kipimo cha dawa, usikichukue huko. Inajibu kwa uhakika uleule ikiwa sahihi na ikiwa imekosea. Vipimo vya watoto vimo kwenye mwongozo wa huduma za watoto wa Wizara ya Afya, unaoingia mfukoni mwa koti.

Nimesahau neno la siri.

Bonyeza "umesahau neno la siri", kisha angalia barua pepe, pamoja na sehemu ya taka. Isipofika, njoo ofisini na kitambulisho.

Mimi ni muuguzi kazini, nina zamu na watoto wadogo. Nitaweza kweli?

Dada yangu, utaweza, lakini si kwa kusubiri siku yenye nafasi. Wanaomaliza nawaona wana dakika 25 zisizoguswa, mara nne kwa wiki, kwa wengi alfajiri kabla nyumba haijaamka. Baada ya zamu ya usiku usisome, lala. Tafuta wenzako wawili hospitalini kwako mnaosoma kozi moja, mkae pamoja mara moja kwa wiki, hata kantini. Waliosoma peke yao kabisa ndio ninaowaona wakipotea mwezi wa pili.

Uliza pia mapema kama kozi inatambuliwa na baraza lako la kitaaluma na kama inakupa pointi unazohitaji kuhuisha leseni. Usilipe kwanza ndipo uulize.

Kuna mafunzo ya dharura yanayofanyika kwa njia hii?

Yapo, na mengine yamezaliwa hapa. Watafiti wa mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome na wa Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza LIFE, mchezo wa simu unaomweka mhudumu mbele ya mtoto mchanga asiyepumua: unachagua hatua, saa inakwenda, unaona matokeo. Ni mazoezi mazuri ya mpangilio wa hatua, na katika dakika ya kwanza ya maisha mpangilio ni kila kitu. Lakini barakoa kuziba vizuri usoni mwa mtoto ni jambo la vidole. Cheza kwenye simu jioni, kesho shika manikini, yule mwanasesere wa mazoezi. Mafunzo ya ETAT+, yanayofundisha huduma ya dharura kwa watoto nchini, yamejengwa juu ya mazoezi ya mikono, na nisingetaka yapunguzwe hata saa moja.

Majarida ya tiba yanalipiwa kwa dola. Sisi tutayapata vipi?

Nenda kwa mkutubi wako umuulize kuhusu HINARI, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida bure au kwa bei nafuu. Anayejiandikisha ni taasisi, si mtu mmoja mmoja. Wanafunzi wengi hufika mwaka wa mwisho bila kujua mlango huo upo, na mkutubi ameketi hapo siku zote.

Chuo chetu ni kidogo na hakina fedha. Tuanzie wapi?

Anzeni na kozi moja na mwalimu mmoja anayetaka. Moodle kwenye seva ya kukodi, mtu mmoja anayejua kuisimamia, na nakala rudufu kila usiku inayohifadhiwa mahali pengine. Hilo la mwisho msiliahirishe. Msinunue studio. Nunueni kipaza sauti kimoja cha kubana kwenye kola, kwa sababu mwanafunzi huvumilia picha hafifu lakini havumilii sauti isiyosikika.

Wekeni wiki nne za maudhui, kisha mkae na wanafunzi watano wakiyatumia kwenye simu zao wenyewe, nanyi mnyamaze. Mtaona kidole kinapokwama. Kisha mwende wadini mkamuulize muuguzi msimamizi: wanafunzi wetu wakija kwako, ni nini ambacho bado hawakijui? Somo lenu la tano liwe hilo.